Nusu ya ua imerudi toka Kilwa

Bamama ba Kashikishi, leo municheke tena!

Munajua kitunga changu cha samaki. Mbele ya kivuke ziwa kuenda kuuzwa Kilwa ng'ambo, nakifunika na kitambala, nashona pale nusu ya ua. Munasemaka: "Samaki anataka maua ya nini?"

Asubuhi bwato ya kuvusha samaki imenirudishia kitunga. Mama Chola mwenzetu wa soko, mbele ya batu bote: "Samaki yako bamekataa!"

Aibu, weee.

Nikafungua. Samaki hakuna. Kitambala kiko, na nusu ingine ya ua imeshonwa na uzi mwekundu.

Ni yaya, dada yangu mukubwa! Toka vita ianze kule ng'ambo, sikusikia habari yake. Mama alitufundisha hivi: mumoja anaanza ua, mwenzake anamaliza.

Mwenye kubisha aandike chini ya hii karatasi, kalamu nimeifunga na kamba.

Miye sitajibu. Niko nashona nusu ingine.