Vidole Gumba vya Ukoo

Miaka ile ya vita vya sisi Wasomali kutaka kujitenga na Kenya nilikuwa kijana wa Garissa mwenye cheti cha shule na kiguu na njia. Mara posta, mara sokoni, mara ukingoni mwa Tana, basi tu nisikae. Ndege ya jeshi ikipita watu walikimbilia ndani, mimi nabaki uani nimeinua shingo. Mama alinitukana mpaka akachoka.

Mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyenipa gazeti. Shirika moja la ndege la ng'ambo lilitaka vijana wa kigeni, liwafundishe urubani kwa gharama yake. Nililisoma nimesimama, nikalisoma tena natembea. Walitaka cheti, pasipoti, na barua ya mdhamini wa kuahidi kwamba nikihitimu sitatoroka kazi. Zilibaki wiki tatu.

Adeer, ndugu wa marehemu baba yangu, aliposikia mdhamini ni mmoja alikasirika kabisa. Kwetu mtu hadhaminiwi na mtu mmoja. Kijana akivunja ahadi, ukoo mzima unabeba.

"Wakiona jina moja watadhani huna watu," alisema. "Tutatia vidole wote."

Nilimwambia mmoja anatosha. Nani anisikilize? Akaondoka kwa miguu, akazunguka kambi za ngamia siku tisa, na mimi roho juu, silali, sili. Akarudi na karatasi mbili zilizojaa alama za dole gumba, kila moja na jina pembeni kwa herufi za Kiarabu. Alichoka, lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nikaona haya kwa hasira zangu.

Ofisini, bwana wa pasipoti, mtu wa bara, alizitazama zile karatasi muda mrefu.

"Wazee wote hawa wanaandikia nchi ya nje? Wanataka bendera nyingine?"

"Wananidhamini mimi, bwana. Nikasomee urubani."

"Wewe Msomali, wakati huu, ujifunze kurusha ndege." Hakucheka. Akasema naweza kuacha karatasi pale, askari waende kumuuliza kila mwenye dole alitia kwa nia gani. Au nizichukue niende zangu, nisahau pasipoti. Nikirudi na barua nyingine, ataulizia hizi.

Nilijua askari walivyouliza maswali siku zile. Nilizichukua. Nilimchukia yule bwana, na Mungu anisamehe, nilimchukia Adeer pia, kwa kunipenda kwa fujo namna ile. Nikaingia hoteli ya chai, nikazisukuma zote mbili kwenye jiko la makaa, mwenye hoteli akinitazama.

Ningemwambiaje mzee? Kwamba vidole vyake ndivyo vilivyotia kitumbua changu mchanga? Nikamwambia daktari wa lile shirika la ndege amenipima, amekuta macho yangu mabovu.

Habari ikafika kambini kote. Miaka mingi baadaye, kila mzee aliyetia dole akinikuta sokoni alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akachungulia jicho moja, kisha la pili, akanisomea dua nipone. Nami nilikodoa macho yangu mazima, nikaitikia amin.