Koti la Karani

Mimi ni mwoga, wala sifichi. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwetu Sindeni, mwaka niliopata nafasi ya chuo kikuu kule Uganda, kicheko hicho sikukisikia.

Nafasi nilipata, lakini baba alilima mahindi na mvua ilikuwa imetutupa mkono. Waliosoma shule yetu kabla yangu, walimu, makarani na dresa mmoja, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba la mkonge, wakaamua kunichangia. Walifanya kwa siri. Mtumishi wa serikali ya mkoloni alikatazwa siasa, na siku zile watu kumi wakikaa pamoja bila maiti wala harusi, tayari ni siasa. Basi wakakutana kwenye hitima, na baada ya pilau kofia ikapita. Karani wa bomani siku hiyo hakuwa na kitu mfukoni. Akavua koti lake, akanivika mwenyewe.

Juma lililofuata niliitwa bomani kuchukua barua ya safari. Nikaenda nimelivaa, mjinga mimi! Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alikuwa mezani, na kando yake karani, amevaa shati tupu, kalamu mkononi. Bwana Shauri akauliza ni nani anayenisomesha. Nikasema ni baba. Akanitazama kifuani, akamtazama karani, akanirudia mimi. Koti lile alikuwa akiliona kila asubuhi, na kifungo chake kimoja cheusi kati ya vitatu vya kahawia.

"Koti hili la nani?"

Nikimtaja karani, baba wa watoto watano hana kazi, na mimi sina chuo.

"La baba yangu."

Kalamu ya karani ilikuwa imesimama. Bwana Shauri akamwambia aandike, naye akaandika. Nikapewa barua yangu, jasho limelowesha koti la watu.

Nilipanda treni Korogwe, na hofu ikapanda nami. Kila mwenye sare aliyeingia behewani nilidhani amenifuata mimi. Miaka yote ile nilisoma kama mtu anayekimbizwa.

Niliporudi nikampelekea karani koti lake. Akakataa, akasema Bwana Shauri asije akaliona tena. Nikapewa kazi ya ualimu Korogwe, koti nikalitundika msumarini.

Jioni moja wale walionichangia wakanijia nyumbani kwangu Kwamndolwa, karani akiwamo, na kijana mwembamba wa Kwaluguru aliyepata nafasi ya chuo kulekule Uganda. Wakaomba mchango. Aibu gani ile! Mimi niliyebebwa na watu hao nikawaambia waniache kwanza nifikiri. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga na mshahara wa serikali. Karani hakunilaumu. Alitazama msumarini, kisha akainamisha macho.

Nikainuka, nikalitungua koti, nikamvika kijana. Vifungo vikanishinda, akafunga mwenyewe.

"Mwalimu, wakiniuliza ni la nani?"

"Sema la baba yako."