Mistari Miwili, Watoto Watatu

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana siku ile katika ofisi ya uhamiaji pale Homa Bay benchi lilikuwa limejaa, na mmoja wa waliokaa ni Mama Dorka wa kanisani kwetu: mimi, msichana ambaye hata mchumba sikuwa naye, nilisimama mbele ya afisa wa serikali nikadai mtoto wa watu ni wangu.

Ilianza na mistari miwili. Fundi Marwa, mshonaji wa Migori aliyekuja na cherehani yake kutoka Tarime, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anaomba kibali cha kukaa Kenya daima, na kwa kuwa nilijifundisha mwenyewe Kiingereza cha ofisini (kwa magazeti ya kufungia sukari, msicheke) akaniletea fomu nimjazie. Nilifanya mazoezi kwenye karatasi nyingine mara nne. Pa kuandika watoto palikuwa na mistari miwili tu, na Fundi alikuwa na watatu: Chacha na Gati waliozaliwa Tarime, na Robi, wa miezi minane, aliyezaliwa hapa hapa Migori. Kumbana Robi pembeni kungeharibu ukurasa wangu, nami niliupenda ule ukurasa kupita kiasi. Nikajiambia, Robi amezaliwa Kenya huru, na katiba hii mpya ya uhuru inasema azaliwaye hapa ni raia, na raia haombi kibali cha kukaa kwao, basi ya nini kumwandika? Fundi akatia sahihi chini ya maneno yanayosema yote ni kweli, na kwamba ukidanganya ombi linatupwa. Aliniamini.

Tulipofika Homa Bay afisa alisoma, akanyanyua macho, akamtazama Mama Chacha, mke wa Fundi, na kile kichwa kidogo mgongoni mwake.

"Mmeandika Chacha na Gati, ambao siwaoni. Ninayemwona hayumo. Huyu wa nani?"

Fundi akanigeukia. Nikaiona cherehani ikipakiwa juu ya basi kurudi Tarime, kwa sababu ya mwandiko wangu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Wangu, bwana."

Nyuma yangu Mama Dorka akashangaa kwa Kijaluo, "Yawa!" polepole, kama mtu aliyeona nyoka jikoni. Naye Robi akaanza kulia kwa njaa.

"Basi mnyonyeshe," akasema afisa.

Mama Chacha, ambaye Kiswahili chake husubiri hasira ndipo kitoke, akaruka: "Amnyonyeshe nini? Wino? Huyu nimemzaa mimi, hapo Migori, mvua ikinyesha! Wewe karani ulikuwa wapi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikakiri yote, mistari, ukurasa, kila kitu, huku nikilia kumshinda Robi.

Afisa hakucheka. "Dada, fomu imeuliza watoto wote. Haikuuliza nani anaomba." Mama Chacha akafungua pindo la leso, akatoa karatasi ya kuzaliwa. Afisa akaisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mwandiko kama kuku ameparua: Robi Marwa, raia wa Kenya. Akamtaka Fundi atie sahihi ubavuni.

"Huyu haombi kitu," akasema. "Huyu ndiye mwenyeji. Ninyi ni wageni wake."

Kicheko kikakatika. Fundi akavua kofia. Nusu ya watoto wa shule Migori walivaa sare alizoshona yeye, lakini kukaa kwake kulingoja mhuri. Na yule asiye na hata jino, ananyonya macho yamefumba, mguu mmoja umechomoza nje ya leso, nchi nzima ilikuwa yake tangu pumzi ya kwanza na wala hakujua. Nimeliandika neno raia mara nyingi sana, sikuwahi kuliona likipumua.

Kibali kilikuja baada ya miezi kadhaa, na kanisani ilinibidi nijieleze mbele ya wazee. Siku hizi anayeniletea fomu namwambia alete kwanza watoto wote niwaone, ndipo nifungue wino, na mistari ikiisha naandika pembeni, hata ukurasa uchafuke.

Mama Chacha hajanisamehe wala hajanikasirikia. Tukikutana sokoni humshusha Robi mgongoni, humsukuma kwangu mbele ya watu, na kumwambia, "Haya, nenda kwa mama yako akupe wino."