Hanna na Jiko la Shaba

Miaka ile ya Wajerumani, reli ilipokwisha kufika Moshi, vitu vya kila namna vilianza kuletwa huku Meru juu ya vichwa vya wapagazi. Kimoja kilikuwa jiko la shaba lenye miguu mitatu, tangi la mafuta ya taa na pampu pembeni. Liliishia kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja karibu na Makumira, kwa sababu mkewe, ambaye kila mtu alimwita Bibi, alikuwa akikohoa moshi wa kuni mpaka machozi yanamtoka. Watu wa shambani walikuja kulichungulia dirishani. Linanguruma, wakasema, na halina hata kijiti cha kuni. Wengine waliapa hawatakula kitu kilichopikwa juu yake, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kuulizia makombo.

Hanna hakulichungulia. Yeye alikuwa mchota maji wa nyumba hiyo, na mpishi alipotoroka kwenda Moshi kutafuta kazi ya reli, Bibi alimshika mkono akamsimamisha mbele ya jiko. Hanna akasimama. Tangu mumewe Kaanaeli alipofariki, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia nenda anaenda. Kaanaeli alirudi kutoka safari ya kubeba mizigo akiwa na homa, na homa haikumwachia. Hanna hakulia msibani. Wanawake walimsema sana kwa hilo, midomo haina kazi, lakini hakuwa mkaidi wala hakuwa na moyo mgumu. Hakuwa akisikia kitu, basi. Chakula kilikuwa chakula, mvua ilikuwa mvua.

Kwao, moto wa mafiga hauzimwi. Usiku unafukiwa kwa majivu, asubuhi unafukuliwa, unalishwa kijiti, unaamka. Unazimwa siku moja tu, siku mwenye nyumba anapokufa. Mama mkwe wake ndiye aliyeumwagia maji, na Hanna alikuwa amesimama mlangoni akiusikia ukilia fuuu. Matanga yakiisha, mjane huenda kwa mama mkwe kuomba kaa la moto, analipeleka nyumbani, na maisha yanaanza tena. Hanna hakwenda. Kuomba moto kulikuwa kukubali kwamba maisha yake na Kaanaeli yamekwisha, na yeye hakuwa tayari yaishe. Akawa analala katika nyumba ya baridi, anakula ndizi alizopikiwa na majirani.

Binti yake Eunike alichukuliwa na mama mkwe huyo, maana mtoto halazwi penye mafiga yaliyokufa, tena kwa ukungu ule wa Meru. Juzijuzi mama mkwe alikuwa amemwambia waziwazi.

"Hanna mwanangu, mimi sikufukuzi. Lakini masika yakianza hujaja kuomba moto, mtoto ni wangu moja kwa moja, na nyumba ile itabomolewa."

"Nimesikia, mama," alijibu Hanna. Alikuwa amesikia kweli. Alijua angepaswa kuogopa, akautafuta woga, hakuuona.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa mlimani, na Hanna akaendelea kupika kwa Bibi. Aliyashika yote aliyofundishwa: spiriti kidogo kwenye kikombe cha juu kupasha kichwa cha jiko, kisha pampu, polepole, tundu likiziba, sindano, mapazia mbali, dirisha wazi, na maji yasimwagwe kamwe penye mafuta yanayowaka. Neno moja tu ndilo lililomshinda.

"Zima kwanza," Bibi alikuwa akimwambia kila siku. "Fungua skrubu hii, hewa itoke, moto ufe. Jiko lipoe. Halafu ndiyo utie mafuta."

Kila mara Hanna aliigusa ile skrubu, na kila mara vidole vilikataa. Alikuwa anangoja mafuta yaishe, moto ujifie wenyewe, bila mkono wake kuwamo.

Basi siku moja supu ilikuwa bado mbichi na moto ukaanza kunywea. Bibi alikuwa bustanini. Hanna akafanya alichofanya mama yake na nyanya yake maisha yao yote: aliulisha moto ungali hai. Alifungua kifuniko cha tangi akainamisha kopo la mafuta, kama mtu anayeongeza ukuni. Mvuke ukatoka kwa kishindo, ukakutana na kile kichwa chekundu, na moto ukaruka mpaka kwenye mkono wake na juu ya meza.

Hakupiga kelele. Aliuzima mkono wake kwa kuufunika na aproni, akainyanyua ndoo ya majivu ya kusugulia masufuria, akaimwaga yote juu ya jiko. Kukawa kimya. Bibi alipoingia mbio alimkuta amepiga magoti, anafukua majivu kwa kijiko, anatafuta kaa.

"Hanna! Nilikuambia zima kwanza!"

"Haupo," alisema Hanna. "Nimeufukia vizuri, lakini haupo."

Bibi alimfunga mkono kwa kitambaa chenye mafuta ya kupaka huku anafoka. Jiko lilipopoa kabisa alilifuta, akazibua tundu, akatia mafuta, akamkabidhi kibiriti. Alikuwa mwanamke mbishi, na supu alikuwa anaitaka. Hanna akawasha. Moto ukarudi, wa bluu, unanguruma vilevile. Aliutazama mpaka supu ikaiva. Kisha, bila kuambiwa, aliifungua skrubu kwa mkono mzima. Hewa ikatoka fuuu. Moto ukafa, naye akabaki amesimama.

Jioni hiyo hakupitia njia ya kwake. Alikwenda kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba moto."

Mama mkwe alimtazama, akautazama mkono. "Umeungua?"

"Nimeungua. Hauumi."

Mzee yule aliinamia mafiga yake. Alichagua kaa kubwa, akaliweka juu ya kigae chenye majivu, akamwita Eunike amfuate mama yake. Walitembea kati ya migomba, mtoto akiruka-ruka nyuma na kuuliza kama kweli leo analala nyumbani.

Walipofika, Hanna alipiga magoti penye mafiga ya baridi, akaliweka kaa kwenye majani makavu ya mgomba. Eunike akainama, akapuliza. Moto ulishika ghafla, joto likaupiga ule mkono uliofungwa, na mkono ukamuuma. Ukamuuma mpaka begani, mpaka kifuani, akaukumbatia akaanza kulia kwa sauti, akimwita Kaanaeli.

Eunike alidhani ni moshi. Akasogea upande mwingine, akaendelea kupuliza.