Rubani Aliyekufa

Juzi mwanangu alikuwa akitazama kwenye simu filamu ya vyombo vya angani, nikakumbuka harufu ya dizeli ya kibanda cha video cha utotoni mwangu, Katesh. Katika filamu ya kwanza ya aina hiyo niliyoiona pale, rubani alikufa. Baadaye tukasikia inakuja nyingine, naye yumo. Mama tulikuwa tumeshamzika. Nilimwambia mdogo wangu Paulina, "Umeona? Mtu anaweza kurudi," tukatoka kwetu Endasak kwa miguu hadi kibandani.

Katika filamu hiyo mpya rubani alikuwa kijana, anajifunza kazi tu.

"Hii ni ya kabla hajafa," alisema mwenye kibanda.

"Tumesubiri mwaka mzima tumwone akisoma?" watu wakazomea.

Paulina akaninong'oneza, "Dada, kwa hiyo atakufa tena?"

Nilimvuta mkono hadi nyumbani, nikimtukana rubani njia nzima. Leo najua aliyemwahidi Paulina ni mimi, si yeye. Bado namchukia yule rubani.