Ng'ombe au Mbuzi

Siku ile mzee wa baraza alipoanza kumhoji mtu aliyemuua mdogo wangu, nilimpenda yule mzee kama baba. Leo nikimkumbuka nasonya.

Mdogo wangu alikuwa mchimbaji kule Segese. Alichimba duara moja, yaani shimo la dhahabu, na mwenzake waliyelala naye chumba kimoja. Huyo mwenzake alikula kwetu sana. Mama alimpakulia yeye kwanza, mgeni, ndipo mwanawe. Mchana mmoja mama aliwapelekea chakula machimboni, akamkuta yule mwenzake anatoka chumbani na nyundo mkononi, shati limelowa damu. Alimpita mama bila neno. Ndani, mdogo wangu alikuwa ameshakata roho.

Kesi ilisikilizwa Shinyanga mjini. Mama alitoa ushahidi kwa Kisukuma, mkalimani akitafsiri, na kila alipofika kwenye ile nyundo alinyamaza, jaji akamsubiri. Alimaliza. Aliposhuka kizimbani alinishika bega. "Nimeshasema," akaniambia. "Sasa hata nikifa." Nilimkemea, nani kazungumza habari za kufa.

Mshtakiwa alijitetea kwamba siku hiyo alikuwa Nyahanga, msibani. Miaka hiyo kesi ya mauaji haikusikilizwa na jaji peke yake. Waliketi naye wazee wa baraza, raia wa kawaida, ili mwishoni wampe maoni yao. Waliruhusiwa kuuliza pale wasipoelewa, basi. Lakini mmoja wao, mfugaji, alikuwa amezoea mabaraza ya kijijini, ambako mzee akikubana unabanika mpaka useme. Akajiweka sawa kitini.

"Huko msibani mlichinja ng'ombe au mbuzi?"

"Sikumbuki, mzee."

"Hukumbuki! Ulikula?"

"Nilikula."

"Umekula nyama ya msiba, hujui ni ya ng'ombe au ya mbuzi? Wewe Msukuma wa wapi? Nani alichinja? Ngozi alipewa nani?"

Watu wakacheka. Jasho likamtoka mshtakiwa. Mzee hakumwachia: mara kaburi lilichimbwa upande gani wa nyumba, mara nani alilia sana. Mwishowe akamwambia, "Sema tu, mwanangu, kwamba hukuwepo." Nilitamani kupiga vigelegele. Jaji aliendelea kuandika. Wakili wa serikali alitabasamu. Wakili wa mshtakiwa alitulia tuli, nami mjinga nikadhani ameishiwa.

Alihukumiwa kunyongwa. Mama alifariki mwaka uliofuata, moyo wake umetulia, na kwa hilo nilishukuru.

Kisha ikaja rufaa. Majaji hawakujishughulisha na kama aliua. Walisema kazi ya mzee wa baraza ni kumsaidia jaji, si kumkaba mshtakiwa. Kwa kumhoji vile alikuwa ameshaegemea upande, na kesi ya namna hiyo si kesi. Mwenendo mzima wa kesi ukabatilishwa, hukumu ikafutwa. Ianze upya mbele ya jaji mwingine.

Nimelifikiria sana, na siwezi kusema ni upumbavu. Ningekuwa mimi kizimbani, mzee ananikaba huku watu wanacheka, ningetaka mtu amzuie. Lakini walikuwepo wasomi watatu waliojua kwamba anaharibu, na hakuna aliyemwambia, "Mzee, hapo basi." Mmoja alijua itamfaa baadaye. Wengine wawili sijui walikuwa wanafikiria nini. Waliniacha nifurahi, na hilo linaniuma kuliko yote.

Wakili mpya wa serikali, kijana mpole, alinipigia simu.

"Dada, tunaanza upya. Mama yupo?"

"Mama alishafariki."

Nikamsikia akifunua karatasi.

"Na alichosema mahakamani?" nikauliza. "Si kiliandikwa?"

"Kimefutwa pamoja na mengine yote, dada. Ni kama hakusema."

Nikamwambia alisema, nilikuwepo, alisema mpaka akamaliza. Akanipa pole. Wachimbaji waliojua lolote walikuwa wameshahamia kwenye rashi nyingine, machimbo mapya yaliyovuma kwamba yana dhahabu, na simu zao hazikupatikana. Serikali ikaondoa shauri. Mshtakiwa akatoka gerezani.

Watu huniambia mahakama ilimwona hana hatia. Waongo. Mahakama haikusema hana, wala haikusema anayo. Mtu pekee aliyemwona na ile nyundo alikuwa mama, na mama wamemfanya kama hajawahi kufungua mdomo.

Nilikutana na yule mtu sokoni Kahama, akichagua vitunguu. Amenenepa. Aliniona kabla sijageuka, akainamisha kichwa kwa adabu, vilevile alivyokuwa akifanya nyumbani kwetu.

"Shikamoo, dada."

Nilikuwa na matusi niliyoyapanga miaka yote hiyo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Marahaba," nikasema.