Santuri ya Dada Moraa

Enzi zetu mtu hakutembea na nyimbo elfu mfukoni. Alikuwa na santuri moja, na ikikwaruzwa analala na njaa kwa hasira. Wenzangu mliokulia Manga mnakumbuka: chai yenye harufu ya moshi, matoke yanapoa juu ya jani la mgomba, na redio ya jirani inaimba mpaka betri zinachoka, kisha tunazianika juani kama mahindi ili zipate nguvu tena. Vijana wa siku hizi hapa Keumbu wamefunga spika kwenye bodaboda, na wimbo unakwisha kabla pikipiki haijamaliza kupita duka langu. Nikiwaambia wapunguze, wananiambia mzee hajui muziki.

Mimi sijui muziki? Nimerekodi mimi.

Shule niliifikisha darasa la nne nikaiacha hapo, wala haijawahi kunitafuta. Duka la vifaa vya ujenzi nililonalo nimelisimamisha kwa mikono hii. Nayasema haya mapema ili ukifika mahali pa kucheka, ucheke kwa adabu.

Baba mdogo Nyamweya, kitinda mimba wa nyumba ya babu, alikuwa mtu wa kuchuma majani chai asubuhi na kushika gita jioni. Alitunga wimbo wa kupokezana. Mwanaume anamwomba msichana apande Manga amtembelee, naye msichana anajibu: "Nitakuja, nitakuja, weka maji motoni." Wimbo mzima ni huo. Msichana wa kujibu alikuwa wa kwaya ya Wasabato, na baba yake aliposikia neno studio alimfungia ndani, na safari ni kesho. Baba mdogo akazunguka kijiji akitafuta sauti, mpaka akanikuta kwenye shamba la wimbi nikiimba huku nafukuza ndege. Sauti yangu wakati huo ilikuwa nyembamba kama ya mwana-mbuzi. Akasema, "Wewe ndiye utakuja."

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja mjini, madirisha yamezibwa kwa magunia. Kabla ya kuingia nilinunuliwa mandazi makavu, na kwa ushamba wangu nikalibugia la mwisho mlangoni. Katika ubeti wa pili chembe yake ikanishika koo, nikakohoa katikati ya mapenzi. Mwenye studio akasema imetosha, harudii. Kwenye karatasi ya santuri wakaandika Nyamweya na Dada Moraa, kwa maana nani angenunua wimbo wa mapenzi wa mtu na mtoto wa kaka yake? Na hata hivyo hakununua mtu. Hoteli moja ya Ogembo ilizifanya santuri zetu vifuniko vya sufuria za maharagwe.

Desemba iliyofuata nikatahiriwa. Kwetu mnajua, ukitoka kule ndani ulikokaa upone, wewe si omoisia tena, si kivulana kisichopita kisu. Unapewa heshima yako, na mambo ya uvulana wako hakuna anayeyataja mbele za watu. Baba mdogo alinishika bega akaniambia, "Lile la Moraa limekwisha. Halitatoka kinywani mwangu." Nikamshukuru kama aliyenipa ng'ombe. Mwanaume aliyewahi kuwa msichana kwenye santuri angeoa wapi?

Hakulitoa mpaka tukamzika.

Sasa Jumapili hii iliyopita nilipanda Manga kumwona mjane wake, mama mdogo Bosibori, aliyeolewa miaka michache baada ya ile santuri. Nilimkuta uani anamenya matoke, redio iko juu ya kigoda. Kuna kipindi cha madijei wawili, kijana na binti, wanaofukua nyimbo za zamani zilizoanguka, wanazipiga na kuzicheka. Sina shida nacho, huwa nacheka nao. Siku hiyo wakapiga wetu.

Masikio yakaniwaka moto. Kijana akasema gita hilo linalia kama mlango uliokosa mafuta. Binti akasema gita lisamehewe, aliyeua wimbo ni huyo Dada Moraa, anaimba kama amekanyagwa kidole, halafu anakohoa. Wakacheka mpaka wakashindwa kusoma tangazo. Kisha msikilizaji mmoja akapiga simu kutoka Ogembo akasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba Moraa alikuwa hawara wa Nyamweya, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona uso wake.

Mama mdogo hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya.

"Huyo nimeishi naye humu ndani tangu nilipoolewa," akasema.

Akanieleza polepole. Aliikuta santuri kwenye sanduku la mumewe. Akamuuliza Moraa ni nani, akajibiwa hakuna Moraa. Akamuuliza asiyekuwepo anakohoaje, mume akanyamaza. Wanawake wa kituo cha chai, kule kwenye mizani ya majani, walikuwa wakimwona anakuja na kikapu wanamchokoza kwa wimbo wa Moraa, "Nitakuja, weka maji." Na siku ya mazishi, wakati sisi tunalia, yeye alikuwa anapitisha macho kwa waombolezaji, anatafuta mwanamke anayelia kuliko kawaida.

Jamani! Mimi nilidhani siri ile ilikuwa inanilinda mimi tu na haimgusi mtu.

"Mama," nikamwambia, "Moraa ni mimi."

Akanitazama. Akaanza na upara, akashuka kwenye tumbo, akaishia kwenye viatu vyangu vya kanisani.

"Imba," akasema.

Nikaimba. Nilipopanda juu sauti ikakatika, kuku wakahama uani. Lakini pale panapopinda, kwenye "weka maji", napinda vilevile mpaka leo, na hilo hana mwingine. Mama mdogo akaweka kisu chini. Alicheka hadi akajifuta macho kwa leso.

"Miaka yote hii namwonea wivu omoisia," akasema. Kisha kicheko kikamwisha. "Na yeye akakaa kimya tu."

Nikamweleza ahadi ya baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea redio.

"Basi piga simu. Wale wa kituo cha chai waliimba hadharani. Nawe sema hadharani."

Hapo ndipo nilipojua bei ya heshima yangu. Mimi ni mzee wa kanisa. Machifu wananunua saruji kwangu. Nikajaribu kumshawishi kwamba niende nyumba kwa nyumba, taratibu, nieleze. Akaisukuma redio karibu zaidi, nikapiga.

"Mzee wetu," binti wa redio akauliza, "unasema wewe ndiye Dada Moraa?"

"Ndiye mimi. Nilikuwa mtoto. Na kikohozi ni cha mandazi." Nikawasubiri wamalize kucheka. "Nyamweya hakuwa na mwanamke mwingine. Mke wake ni mmoja, niko naye hapa."

 Wale madijei wakaupiga tena wimbo wote, bila kuukata. Mama mdogo akaongeza sauti mwenyewe, akafumba macho.

"Kumbe gita lake lilikuwa tamu," akasema.

Mimi kwa kweli nilisikia mlango uleule. Lakini nilikaa kimya, nyumba ni yake.

Siku hizi mtoto akila chapati anajipiga picha, na jioni dunia nzima inajua ilikuwa na mafuta kiasi gani. Nilikuwa nawacheka. Enzi zetu mtu alifunga kinywa kwa ajili ya mwenzake mpaka kaburini, nami nilikuwa naita hiyo ndiyo heshima yenyewe, na bado naiita hivyo. Ila sasa najua ni nani aliyeilipia. Vijana wa bodaboda nao habari imewafikia. Juzi mmoja alisimama mlangoni, spika inapiga, akaita, "Dada Moraa, misumari iko?"

Zamani ningemrushia nyundo. Nikaitika, nikampimia.